Marubani, pangeni madai kabla hamjakaa mezani
Kabla ya mazungumzo ya CBA, yaani mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, kila mtu aandike vitu vitatu tu, sio kumi. Mshahara wote wataupigia kelele, sawa, lakini kumbukeni mgomo wa KALPA, chama cha marubani Kenya, pale Kenya Airways Novemba 2022, kilichouma sana ni michango ya akiba ya uzeeni iliyosimamishwa na mishahara iliyoahirishwa tangu korona. Kwa hivyo akiba isiwekwe mwisho.

Halafu rosta jamani, yaani ratiba ya zamu, hii msiiachie kabisa! Rubani msaidizi ametua saa kumi alfajiri, usiku uleule anaitwa tena, huyo anataka mapumziko yaandikwe kwa masaa, sio "ya kutosha".

Kapteni mzee atataka akiba, kijana atataka siku za ofu, wasikizeni wote kisha pigeni kura ya siri, na dai namba moja likishapatikana msilibadilishe mbele ya menejimenti.