Jinsi ya Kuchora Ramani ya Makazi ya Kigogota wa Gila

Kigogota wa Gila, ambaye jina lake la kisayansi ni Melanerpes uropygialis, husifika kuwa ndege wa jangwani, na sifa hiyo humponza mchoraji wa ramani akalitia rangi jangwa zima. Kabla ya kushika penseli, jiulize kwanza ni wapi ndege huyu anaweza kuchimba tundu la kutagia.

Katika Jangwa la Sonora, lililo kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini-magharibi mwa Meksiko, jibu kubwa ni saguaro, mdungusi mrefu wenye mwili mnene uliojaa maji. Kigogota hutoboa mwili huo kwa mdomo wake, kisha huliacha tundu kwa miezi kadhaa mpaka utomvu ukauke na kuwa ganda gumu kuzunguka kuta zake. Ganda hilo ni imara kiasi kwamba mdungusi ukifa na kuoza, lenyewe hubaki chini likiwa na umbo la kibuyu. Kwa hiyo, anza kutia rangi kusini mwa Arizona, ambako saguaro ni nyingi, na upunguze rangi unapoelekea kaskazini, kwa kuwa mdungusi huu hauvumilii baridi ya kugandisha inayodumu.

Hata hivyo, usiishie kwenye saguaro. Kigogota huyu huchimba pia katika mipopla na mierebi ya kandokando ya mito, na hukaa hata mijini penye miti mikubwa au mitende. Ndiyo maana ramani sahihi ina mkia mwembamba unaofuata Mto Colorado, ukigusa kusini-mashariki mwa California na ncha ya kusini ya Nevada, na kipande kidogo katika pembe ya kusini-magharibi ya New Mexico. Mkia huo uchore kwa uangalifu, usiupanue kwa ajili ya urembo; misitu ya mto huo imekatwa sana, na tangu 1988 jimbo la California limemweka ndege huyu katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Kisha vuka mpaka. Sehemu kubwa ya makazi yake imo Meksiko, jambo ambalo ramani zinazokatwa mpakani hulificha. Teremka na majimbo ya Sonora, Sinaloa na Nayarit hadi Jalisco na Aguascalientes, ukiiacha wazi milima mirefu ya Sierra Madre Occidental. Rasi ya Baja California ichore peke yake, kwa kuwa Ghuba ya California huitenga na bara. Huko nafasi ya saguaro huchukuliwa na mdungusi mwingine mkubwa, cardón.

Rangi moja inatosha kwa mwaka mzima, kwani kigogota huyu hahami.

Mwisho, chuja kumbukumbu zilizoandikwa na watazamaji wa ndege. Colaptes chrysoides, kigogota mwingine mkazi wa saguaro, ana mbawa za manjano upande wa chini, alama nyeusi ya mwezi mchanga kifuani na madoa meusi tumboni. Wa Gila ana kichwa na tumbo la rangi ya kijivu-hudhurungi pasipo madoa ya namna hiyo, mgongo wenye michirizi myeusi na myeupe, na dume huwa na kofia nyekundu utosini. Kumbukumbu isiyotaja hata moja ya alama hizi usiitumie kusogeza mpaka wa ramani yako.