Mmea haumo kitabuni? Namna ya kujua kama kweli ni spishi mpya

Swali ninaloulizwa sana na wanafunzi waliorudi kutoka Usambara au Udzungwa ni hili: "Mwalimu, huu mmea haumo kitabuni, ni spishi mpya?" Huenda. Milima ya Tao la Mashariki bado inatoa spishi mpya. Ila kutokuwamo kitabuni peke yake si ushahidi.

1. Kukusanya

Vibali unavijua: COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), halafu mwenye msitu, mara nyingi TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Chukua matawi yenye maua na matunda. Tawi la majani matupu liache hukohuko. Kama mmea upo wa kutosha, chukua nakala nne au tano za namba moja (yaani matawi ya mmea uleule, yenye namba moja ya mkusanyaji), na namba zako ziendelee maisha yote, usianze tena na 1 kila safari. Papo hapo andika kwa penseli yale yatakayopotea mmea ukikauka: rangi ya ua, harufu, utomvu, sura ya gome.

2. Kukausha

Magazeti, maboksi, fremu za mbao, mikanda. Badilisha magazeti kila siku. Geuza angalau jani moja upande wa chini uonekane. Vipande vya jani kwa ajili ya DNA viingie kwenye silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) siku hiyohiyo.

3. Kutambua

Programu za simu za kutambua mimea mimi siziamini kwa misitu yetu. Tumia funguo (maelezo ya kuchagua hatua kwa hatua mpaka ufike kwenye jina) za Flora of Tropical East Africa (FTEA), kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki kilichotoka kwa vitabu vidogovidogo kuanzia 1952 hadi 2012. Ua kavu lichemshe kidogo kwenye maji yenye tone la sabuni mpaka lilainike, kisha lipasue kwa sindano chini ya lenzi. Hesabu vyumba vya ovari (sehemu ya ua inayokuwa tunda) na ovyuli (vijiyai vinavyokuwa mbegu) katika kila chumba. Wengi huruka hapo, wakabaki kubishana kuhusu umbo la majani.

4. Kutafuta taipu

Kazi yenyewe iko hapa, na hapa ndipo miezi inapoishia. Kila jina la spishi limefungwa kwenye sampuli moja iitwayo taipu. Kabla ya kusema mmea wako hauna jina, ona taipu za majina yote ya jenasi hiyo (kundi la spishi za karibu) katika eneo lako, pamoja na yale ambayo FTEA imeyaweka kama visawe, yaani majina mengine ya spishi ileile. Kanuni ni kwamba jina la zamani hutangulia, na hesabu inaanzia Mei 1753, tarehe iliyowekwa kuwa mwanzo wa majina ya mimea. Kama mtu alikwisha kuutaja mmea wako zamani, kisha wenzake wakauchanganya na spishi nyingine, wewe utalifufua jina lake tu.

Shida yetu ni kwamba mimea mingi ya Tanganyika ilipewa majina Berlin, na mtaalamu wa mimea Engler na wenzake, kutokana na sampuli za wakusanyaji wa Kijerumani akina Holst, Stuhlmann na Volkens. Machi 1943 hebariamu (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Berlin ilipigwa mabomu na sampuli nyingi mno zikateketea. Ndiyo maana kwenye FTEA utakuta herufi B, yaani Berlin, ikifuatwa na alama ya msalaba, yaani sampuli imeteketea. Usikate tamaa hapo, nakala nyingi zilikuwa zimeshagawiwa kwa hebariamu nyingine. Tafuta Kew, London, Hamburg, Paris, na Nairobi pia, kwani hebariamu ya Afrika Mashariki, ambayo sasa iko Nairobi, ilianzia Amani, Usambara, enzi za Wajerumani.

Anza na picha za JSTOR Global Plants, hazina ya mtandaoni ya picha za taipu. Kama chuo hakijalipia, tovuti za Kew na Paris ni bure. Tafuta kwa jina la mkusanyaji na namba yake, kwa sababu jina la mmea kwenye lebo huenda lilibadilishwa mara kadhaa. Majina ya mahali nayo ni ya Kijerumani: Wilhelmstal ni Lushoto, Neu Langenburg ni Tukuyu. Na picha haikuonyeshi ndani ya ua, kwa hiyo mwandikie msimamizi wa hebariamu akupimie.

Ukipata nakala, na hakuna aliyewahi kuteua nyingine, unaweza kuiteua kuwa lektotaipu, yaani taipu inayochaguliwa baadaye kati ya sampuli za awali. Kwa uteuzi wa kuanzia 2001 ni lazima maandishi yaseme wazi kwamba unaiteua hapo, "hic designatus" kwa Kilatini. Bila hivyo uteuzi hauhesabiki. Neotaipu, yaani sampuli nyingine inayoteuliwa pale za awali zote zilipopotea, ni njia ya mwisho kabisa. Wanafunzi huikimbilia kwa sababu ni rahisi, mimi huwarudisha kutafuta upya.

5. Kuchapisha

Kama hakuna taipu hata moja inayolingana na mmea wako, andika. Tangu 2012 maelezo yanaweza kuwa kwa Kilatini au Kiingereza. Ya Kiswahili peke yake hayahalalishi jina, hata tukinung'unika. Teua holotaipu moja (sampuli itakayokuwa taipu ya jina lako jipya) na utaje hebariamu inayoitunza. Nakala zilizobaki zigawe: moja Dar es Salaam, moja Arusha, moja Nairobi, moja Kew. Usiziweke zote jengo moja.