Reli ndogo isiyofanana na ya kuchezea

Ukijenga modeli ya reli ya zamani ya Mombasa–Nairobi kwa kipimo cha 1:87, usichukue njia ya milimita 16.5. Hiyo ni ya geji (upana kati ya reli mbili) ya milimita 1,435, yaani SGR, reli mpya. Reli ya zamani ni ya mita moja, na mita moja ikigawanywa kwa 87 ni milimita 11.5, kwa hiyo njia ya milimita 12 inatosha kabisa.

Kimo cha chuma cha reli ndicho kinachoumbua wengi; namba ya "Code" ndiyo inayokitaja. Reli ya "Code 100" ina milimita 2.5, sawa na sentimita 22 halisi, ilhali hata reli nzito ya kilo 60 kwa mita ina sentimita 17 na kitu. Chagua "Code 55", milimita 1.4. Ila pima magurudumu kwanza: yenye ukingo wa ndani mrefu yatagonga vishikizo vya reli, trrr, njia nzima.

Ukinunua njia ya milimita 12 ya kipimo cha 1:120, mataruma yake (vipande vya kukingama chini ya reli) yamebanana mno. Igeuze, kata kwa kisu viunganishi vya plastiki, kisha sogeza mataruma yawe milimita 8 kutoka katikati hadi katikati. Tumia kipande cha kadi kama kipimo, jicho hudanganya.

Acha nafasi ya nusu milimita kwenye maungio, la sivyo joto la mchana litaipinda njia. Paka ubavu wa reli rangi ya kutu, na upanguse juu kabla haijakauka; rangi ikibaki pale, umeme haupiti.