Kioo Hakipandi, Feni Haivumi: Fuata Njia ya Umeme Kabla ya Kununua Kipuri

Kioo cha mlango kinashuka lakini hakipandi. Feni inavuma kwenye namba ya juu kabisa tu, namba nyingine kimya. Honi inalia ukikata kona, ukinyoosha usukani inanyamaza. Taa zinafifia kila ukiwasha wipa. Malalamiko haya nayasikia kila wiki kutoka kwa wenye magari madogo yenye umri wa miaka 15 na zaidi, na wengi wanafika wakiwa wameshatoa hukumu: mota imekufa, tununue nyingine.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Ninachowasihi ni kimoja: usikihukumu kifaa kabla hujaipima njia inayokiletea umeme. Katika gari la umri huo waya wa mlangoni umeshakunjwa mara maelfu, na sehemu ambapo umeme unarudi kwenye bodi, yaani chuma cha gari, zimeshaota kutu. Mara nyingi kifaa ni kizima, ila kina njaa.

Hatua ya 1: Liandike lalamiko vizuri

"Kioo ni kibovu" halimsaidii fundi yeyote. Andika kinagoma lini: asubuhi kukiwa na baridi, baada ya mvua, kwenye matuta, au mlango ukiwa wazi? Kinagoma chenyewe tu, au na vingine? Ukibonyeza swichi unasikia mota ikizunguka, unasikia mlio mmoja tu "tak", au husikii chochote?

Swali hilo la mwisho lina thamani kuliko yote. Mota ikizunguka huku kioo kimetulia, umeme umefika, kilichokatika ni kebo au meno yanayokivuta kioo. Kimya kabisa maana yake tutafute umeme ulipoishia. Na vitu viwili au vitatu visivyohusiana vikigoma pamoja, viache vyote. Tafuta vinachochangia: fyuzi moja, au nati moja ya bodi.

Hatua ya 2: Betri na alteneta

Pima betri kwa multimita (kipimo cha umeme) gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Betri ya kawaida iliyojaa husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.0, karibu imeisha. Washa injini, usomaji upande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Usipopanda, shughulika kwanza na uchaji, yaani kazi ya alteneta ya kuijaza betri injini ikiwaka, kwa sababu vipimo vyote vitakavyofuata vitakudanganya. Hatua hii ni ya dakika tano, lakini usiiruke.

Hatua ya 3: Fyuzi na rilei

Usiitazame fyuzi kwa macho tu. Ina vitundu viwili vidogo mgongoni. Washa kifaa, kisha gusa kila kimoja kwa ncha moja ya multimita, nyingine ikiwa kwenye hasi ya betri. Pande zote mbili zikiwa na umeme, fyuzi ni nzima. Upande mmoja tu, imeungua.

Rangi zinakuambia ukubwa: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Ikiungua weka ya ukubwa ule ule. Ikiungua tena, kuna shoti au mota inakula umeme kupita kiasi. Tafadhali usiweke kubwa zaidi, wala usiifunge waya. Fyuzi ndiyo iliyopangiwa kuungua. Ukiinyima nafasi hiyo, utaungua waya ulio chini ya kapeti, na gari zima linaweza kufuata.

Rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, ni rahisi: ibadilishe na nyingine yenye namba zile zile kwenye sanduku hilo hilo. Tatizo likihama nayo, umeshampata mhalifu.

Hatua ya 4: Pima kifaa kikiwa kazini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Mtu anachomoa plagi ya mota, anapima, anaona volti 12, anasema umeme upo, mota imekufa. Lakini multimita hainywi umeme wa maana. Waya wenye nyuzi 20 ukikatika 19, uzi mmoja uliobaki utaionyesha volti 12 kamili. Mota ikiomba ampea zake, uzi huo hauwezi, na volti zinaporomoka.

Kwa hiyo acha plagi ikiwa imechomekwa, pitisha ncha kwa nyuma yake, washa kifaa, ndipo upime. Tuseme betri inasoma 12.4 na kwenye mota unapata 10.1. Volti 2.3 zimepotea njiani. Sasa uliza: zimepotea wakati wa kwenda au wa kurudi?

Weka ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa kurudi wa kifaa, kikiwa bado kimewashwa. Njia safi husoma chini ya volti 0.2. Ukipata volti nzima au zaidi, ugonjwa uko pale waya unapofungwa kwenye bodi. Fungua nati, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, funga kwa nguvu, paka grisi juu ili kutu isirudi. Kama upande wa kurudi ni safi, pima vivyo hivyo kutoka chanya ya betri hadi waya wa kwenda, ukisogea kituo baada ya kituo: fyuzi, rilei, swichi. Pale volti zinaporuka ndipo penye kovu.

Kuna mteja aliyefika kwangu akiwa ameshabadilishiwa mota ya kioo mara mbili kwingineko. Niliuchubua mpira unaopitisha nyaya kati ya mlango na bodi nikakuta waya mmoja umekatika kabisa ndani ya ganda lake. Ulikuwa unagusana mlango ukifungwa kwa pembe fulani. Iliniuma kwa niaba yake. Tangu hapo, mpira huo ndio naufungua kwanza.

Hatua ya 5: Malalamiko mawili yenye majibu yake

Feni inayovuma kwenye namba ya juu pekee: rezista yake, kipande kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole, imeungua. Namba ya juu haipiti kwenye rezista, ndiyo maana inabaki. Lakini usibadilishe rezista ukaishia hapo. Inapozwa na hewa ya feni yenyewe. Chujio la hewa ya ndani likiziba, au mota ikiwa nzito kuzunguka, mpya nayo itaungua. Na kagua plagi: ikiwa imeyeyuka, ibadilishe pamoja.

Honi inayolia kwa kuchagua, hasa kukiwa na taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi: ni utepe wa umeme uliozungushwa nyuma ya usukani. Huo usiuguse mwenyewe. Karibu yake kuna kilipuzi cha kufungua mfuko wa hewa. Fundi anayejua huchomoa betri, husubiri dakika kadhaa, na kamwe hapimi nyaya hizo kwa ohmu (kipimo cha ukinzani cha multimita).

Hatua ya 6: Angalia namba ya chesisi kabla ya kulipa

Magari yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 kwa kawaida yana namba ya utambulisho, ndiyo hiyo ya chesisi, yenye herufi na tarakimu 17. Mpe mtengenezaji wa gari namba hiyo umuulize kama kuna wito wa kurudisha gari kwa mtengenezaji ili lirekebishwe ambao haujashughulikiwa. Baadhi ya kasoro ni zake, si zako. Mifuko ya hewa ya Takata ilirudishwa katika makumi ya mamilioni ya magari kwa sababu kemikali yake iliharibiwa na joto na unyevu wa miaka mingi, na kopo lake likaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma.

Kisa kingine ni cha Chevrolet Cobalt, gari dogo. Wenye magari walilalamika kwa miaka kwamba injini inazima barabarani. Swichi ya ufunguo ilikuwa laini mno. Furushi zito la funguo au goti likiigonga, ilirudi nyuma, na mifuko ya hewa ikakosa umeme. General Motors, watengenezaji wake, ilianza kuyarudisha mwezi Februari 2014, na mfuko wa fidia ulihusisha swichi hiyo na vifo 124. Kwa hiyo injini ikizima unapogusa ufunguo, ondoa funguo nyingine zote leo hii, na lipeleke lalamiko lako kwa maandishi, ukitaja tarehe, kilomita na kilichotokea.

Hatua ya 7: Jaribu ukiwa umewasha vyote

Ukimaliza, washa taa kubwa, feni, wipa na kipasha cha kioo cha nyuma kwa pamoja, kisha pandisha kioo. Rudia kipimo cha volti cha hatua ya 4, ukiandike kando ya kile cha mwanzo.