Namna ya kuchambua albamu ya kwanza ya bendi na mapokezi yake: mfano wa The Cars, 1978

Uchambuzi mwingi wa albamu za zamani huharibikia mahali pamoja. Mwandishi anachukua namba moja ya chati, sentensi mbili za mhakiki maarufu na sifa zilizokuja miaka thelathini baadaye, anatia vyote chungu kimoja, kisha anaandika kwamba albamu "ilipokelewa vizuri". Na nani? Lini? Wahakiki, watangazaji wa redio, wanunuzi na watoa tuzo ni makundi manne, na ni nadra yaseme kauli moja.

Mfano tutakaoutumia ni The Cars, albamu ya kwanza ya bendi ya Boston yenye jina hilohilo, iliyotolewa na lebo ya Elektra tarehe 6 Juni 1978. Ni ya wimbi jipya, lile ambalo Wamarekani na Waingereza waliliita new wave: muziki uliozaliwa jirani na panki lakini ukapenda sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachounda sauti), nyimbo fupi na viitikio vinavyonasa. Tumeichagua kwa sababu namba zake, ukizitazama juujuu, zinapingana.

Tayarisha daftari lenye safu tano: tarehe, nani kasema au kapima, nchi gani, kasema nini, na umekitoa wapi. Safu ya tarehe ndiyo watu huiruka, na ndiyo itakayokuokoa.

Sikiliza kabla ya kusoma chochote

Sikiliza albamu nzima mara tatu kabla ya kufungua uhakiki hata mmoja. Ukisoma kwanza, utasikia maneno ya mhakiki badala ya muziki.

Albamu hii ina nyimbo 9 na dakika kama 35. Kwenye santuri, upande wa kwanza una nyimbo 5, kuanzia "Good Times Roll" hadi "Don't Cha Stop". Upande wa pili una 4, kuanzia "You're All I've Got Tonight" hadi "All Mixed Up". Ukisikilizia kwenye programu ya mtandaoni, zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. "Moving in Stereo" inaingia moja kwa moja ndani ya "All Mixed Up" bila kimya kati yake. Programu ikichanganya mpangilio, utasikia wimbo uliokatwa shingo na utaanza kuilaumu bendi kwa kosa lisilo lake. Baada ya wimbo wa tano, simama dakika moja. Msikilizaji wa 1978 alilazimika kuinuka kugeuza santuri, na mpangilio wa nyimbo ulizingatia mapumziko hayo.

Jihadhari pia na toleo unalosikiliza. Mwaka 1999 lebo ya Rhino walitoa toleo lililoongezwa demo, yaani rekodi za majaribio. Demo hizo ni mali safi kwa kulinganisha, ila hazimo katika albamu iliyohakikiwa 1978. Ukisifu wimbo ambao haukuwemo, kazi yako yote itatiliwa shaka.

Usikilizaji wa kwanza usiandike kitu. Wa pili, fuata sauti za watu. Wa tatu, vaa hedifoni ufuate ala moja moja. Chukua "My Best Friend's Girl". Mwanzoni kuna gitaa linalopigwa kwa kukatwakatwa, nyuzi zikizibwa kwa kiganja, na makofi juu yake. Halafu gitaa la Elliot Easton linajibu kwa vipande vyenye ladha ya rokabili, roki iliyochanganyika na kantri, ya miaka ya 1950, huku kinanda cha Greg Hawkes kikileta sauti ya mashine. Maneno yanaanza kama sifa kwa mpenzi wa rafiki, na kiitikio ndicho kinachofichua kwamba binti huyo zamani alikuwa wa msimulizi mwenyewe. Wimbo unachekacheka huku anayeimba ameumia. Ukishaliona hilo hapa utalikuta pia kwenye "Good Times Roll", ambao kwa jina ni wito wa starehe lakini unakwenda polepole na kwa sauti isiyo na furaha yoyote. Hiki ndicho kitu ambacho wahakiki wa wakati ule walikigombania: je, ubaridi huo ni ustadi au ni pozi?

Hakiki majina kabla hujamsifu mtu

Kosa linalorudiwa kuliko yote kuhusu The Cars ni kumpa Ric Ocasek sauti zote. Ocasek ndiye mtunzi. Nyimbo zote ni zake, isipokuwa "Moving in Stereo" aliyoitunga pamoja na Hawkes. Lakini nyimbo nne anaimba mpiga besi Benjamin Orr: "Just What I Needed", "Bye Bye Love", "Moving in Stereo" na "All Mixed Up". Sauti ya Orr ni nyororo. Ya Ocasek inabanwa na kukatikakatika. Ukishazitofautisha mara moja hutazichanganya tena.

Mtayarishaji ni Roy Thomas Baker, Mwingereza aliyekuwa ametengeneza albamu za bendi ya Queen, na kurekodi kulifanyika studio za AIR, London. Hii ina maana kwa masikio yako: kiitikio cha "Good Times Roll" kina sauti zilizorundikwa tabaka juu ya tabaka hadi watu wachache wanasikika kama kwaya. Hapo ni mkono wa Baker, na huo pia uliwagawa wahakiki.

Neno "chipukizi" nalo litumie kwa uangalifu. Bendi iliundwa 1976, lakini Ocasek na Orr walikuwa wamesharekodi albamu mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakiwa na kundi la Milkwood, na mpiga ngoma David Robinson alitokea bendi ya The Modern Lovers. Ocasek, aliyezaliwa 1944, alikuwa na miaka 34 albamu ilipotoka. Albamu ya kwanza ya bendi si lazima iwe ya kwanza kwa wanamuziki wake, na ukilijua hilo huhitaji muujiza kueleza kwa nini wanasikika wamekomaa.

Chati: kilele ni namba moja tu

Hapa ndipo penye kazi. Katika chati ya albamu ya jarida la Billboard nchini Marekani, The Cars ilifika nafasi ya 18. Ukiishia hapo utaandika kwamba ilifanya vizuri kiasi. Sasa ongeza namba mbili: kilele hicho ilikifikia Machi 1979, miezi tisa baada ya kutoka, na ilikaa kwenye chati wiki 139. Gawanya kwa 52 upate miaka miwili na wiki 35. Albamu ya pili ya bendi, Candy-O ya 1979, ilipanda hadi nafasi ya 3, lakini ile ya kwanza ndiyo iliyouza zaidi nchini humo.

Kwa hiyo, kwa kila albamu andika namba tatu: kilele, wiki ngapi, na ilichukua muda gani kufika kileleni. Albamu inayoruka juu wiki ya kwanza na kuporomoka imenunuliwa na watu waliokuwa wakiisubiri. Inayopanda polepole na kung'ang'ania imenunuliwa na watu walioisikia mahali. Waliisikia wapi?

Tazama singo, yaani nyimbo zilizouzwa moja moja. "Just What I Needed" ilifika nafasi ya 27 kwenye Hot 100, chati ya nyimbo ya Billboard, "My Best Friend's Girl" ya 35, na "Good Times Roll" ya 41. Hakuna hata mmoja ulioingia kumi bora. Mtu asiyejua mambo atasema singo zilifeli. Lakini Hot 100 ya miaka ile ilikubali tu nyimbo zilizouzwa kama singo; sharti hilo liliondolewa Desemba 1998. "Bye Bye Love" na "Moving in Stereo" hazikutolewa kama singo Marekani, hivyo hazikuwa na njia ya kuonekana kwenye chati hiyo hata zingepigwa kutwa kucha. Na zilipigwa, kwenye vituo vya FM vilivyocheza nyimbo za ndani ya albamu. Aliyependa wimbo wa aina hiyo hakuwa na singo ya kununua. Ilimbidi anunue albamu. Ndipo singo za wastani na wiki 139 zinapopatana.

Redio ilikuwapo hata kabla ya mkataba. Mwaka 1977 mtangazaji Maxanne Sartori wa kituo cha WBCN, Boston, alikuwa akipiga demo ya "Just What I Needed". Kwenye daftari lako hilo liingie kama mapokezi ya kwanza, juu ya uhakiki wowote.

Usisahau safu ya nchi. Uingereza "My Best Friend's Girl" ilifika nafasi ya 3, mbali sana na ile 35 ya nyumbani. Ukiandika "wimbo ulifika nafasi ya 3" bila kutaja nchi, umesema uongo kwa Mmarekani na ukweli kwa Mwingereza.

Onyo moja juu ya usahihi: hadi 1991, Billboard walipoanza kutumia takwimu za SoundScan kutoka mashine za malipo madukani, chati zilitegemea maduka kuripoti yenyewe kilichouzika. Tofauti ya nafasi ya 18 na ya 20 mwaka 1979 isikupotezee usingizi. Wiki 139 ni jambo jingine.

Vyeti vya mauzo

Marekani, RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki, hutoa cheti cha dhahabu kwa nakala 500,000 na platinamu kwa milioni 1. The Cars ina platinamu mara sita. Mitego ni mitatu. Cheti huombwa na lebo, hivyo tarehe ya cheti si tarehe ya mauzo. Platinamu za kuzidishwa zilianza kutolewa 1984, kwa hiyo ukikuta sentensi inayosema albamu ilipata platinamu mara sita "mara tu ilipotoka", mwandishi wake hakuhakiki. Na tangu 2016 usikilizaji wa mtandaoni huhesabiwa pia, kwa hiyo usilinganishe cheti kipya na cha zamani kana kwamba ni kipimo kilekile.

Kusoma uhakiki

Tafuta uhakiki uliochapishwa ndani ya miezi sita ya kwanza na uuweke mbali na ule wa baadaye. Jarida huandikwa tarehe ya mbele kuliko siku lililofika mitaani, basi usijenge hoja juu ya tofauti ya wiki mbili.

Soma kwa kalamu mbili za rangi: moja kwa sifa, nyingine kwa lalamiko. Robert Christgau wa gazeti la The Village Voice, anayetoa alama kwa herufi, aliipa B+. Ukinukuu herufi tu, umepoteza nusu ya habari. Alizisifu nyimbo na namna zinavyovutia redioni, papo hapo akatamani rekodi zijazo ziwe ghafi zaidi, kwa maana mkono wa Baker ulikuwa mzito. Sasa rudi kwenye hedifoni, kwenye kile kiitikio kilichorundikwa, uamue mwenyewe. Mtazamo wetu: lalamiko lina uzito kwenye "Good Times Roll", ila halina mashiko kwenye "Just What I Needed", ambako kila kitu kimepewa nafasi ya kupumua.

Tuzo ziandike kwa ufupi. Kwenye Grammy za 1979 bendi iliteuliwa kuwa msanii mpya bora; walioshinda ni A Taste of Honey. Waandishi wengi hupenda kulifanya hili kichekesho. Kabla hujacheka, kumbuka kwamba walioshinda walikuwa na wimbo ulioshika namba 1 kwenye Hot 100 mwaka 1978, kitu ambacho The Cars hawakuwa nacho.

Sifa za baadaye zipe aya yake. Filamu ya Fast Times at Ridgemont High iliitumia "Moving in Stereo" mwaka 1982, na bendi iliingia Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki, 2018. Mambo haya hayaelezi kwa nini mtu alinunua albamu mwaka 1979.

Kuandika na kusafisha

Kwa makala ya maneno 1,000, tenga 400 kwa muziki wenyewe, 150 kwa waliotengeneza, 350 kwa mapokezi ya miaka mitatu ya kwanza, na 100 tu kwa yaliyofuata. Wanaoanza hugeuza hesabu hii, wakaishia kuandika juu ya umaarufu na kusahau nyimbo.

Ukimaliza, tafuta kila mahali ulipoandika "ilipokelewa vizuri", "ilipendwa" au "ilifanikiwa". Futa. Weka aliyepokea, nchi na mwaka, mathalani: "Nchini Marekani albamu ilichukua miezi tisa kufika nafasi ya 18, Machi 1979, ikibebwa na vituo vya FM vilivyopiga hata nyimbo zisizokuwa singo." Sentensi ikikataa kupokea viungo hivyo vitatu, rudi kwenye daftari, bila shaka kuna safu uliyoiacha tupu.