Jinsi ya kumpata wakili wa ufilisi Mtwara na Lindi bila kulipia ushauri mara mbili

Kwanza jua anayefilisika ni nani. Duka lililosajiliwa BRELA kama jina la biashara ni wewe mwenyewe, na madeni yake ni yako. Hapo unaingia kwenye Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25. Kampuni yenye wanahisa ina njia yake kwenye Sheria ya Makampuni. Yote mawili ni kazi ya Mahakama Kuu, kwetu huku Kanda ya Mtwara, kwa hiyo mtu wa Liwale aanze kutafuta nauli.

Majina hayana shida, kila mtu ana shemeji anayemjua mwanasheria. Likishatajwa jina, litafute e-Wakili, mfumo wa Mahakama. Liwepo, na leseni iwe hai, maana mawakili huhuisha kila mwaka. Jaribu Saidi na Said, Mohamedi na Muhamed, kabla hujamhukumu mtu. Vishoka hutawaona humo, ingawa suti zao zimenyooka kuliko za mawakili wenyewe.

Pesa yangu iliteketea kwenye hatua inayofuata: kuuliza kama wakili hawatetei wadai wako. Mji ni mdogo, mawakili wa kuhesabika, na wadai wakubwa wana mawakili wao hapahapa. Nililipa ada ya ushauri, nikaeleza yote: mkopo wa kuwakopesha wakulima salfa, msimu wa korosho uliokwenda kombo, nyumba iliyowekwa rehani. Wakili akaandika kurasa mbili. Nilipotaja benki, akafunika kalamu. "Hao ni wateja wetu, kaka." Ada haikurudi, karani akasema ushauri umeshatolewa. Ushauri gani, sijui hadi leo.

Kwa hiyo andika wadai wako wote kwenye karatasi moja: benki, wale wa mikopo ya haraka, SACCOS, msambazaji wa pembejeo, TRA, hata mwenye fremu. Majina tu, bila hadithi. Mpe karani pale mapokezi, au piga simu uyasome, na uulize: kuna yeyote humu mnayemwakilisha? Utaambiwa ulipie faili kwanza. Usilipe. Wakili makini atataka kulijua hilo kuliko wewe, kwa sababu akikutwa pande mbili anaweza kufikishwa Kamati ya Mawakili, inayoshughulikia nidhamu yao. Na usimwage siri zako kabla hujajibiwa, maana anayekusikiliza huenda kesho anakuandikia notisi.

Mawakili wote wa karibu wakiwa tayari wanawatetea wadai wako, vuka Lindi au tafuta Dar. Mashauri siku hizi yanafunguliwa kwa mtandao, siku mtandao ukiwa na moyo, na baadhi husikilizwa kwa video. Ila wa Dar akuandikie mapema nani analipa nauli na malazi yake.

Halafu pima uzoefu. Wengi huku wanaishi kwa kesi za ardhi na mirathi. Ufilisi wameusoma chuoni wakauacha hukohuko. Muulize: nyumba yangu iko rehani, ufilisi utaiokoa? Akijibu ndiyo harakaharaka, aga. Mahakama ikishatoa amri, wadai wa kawaida wanazuiwa kukuandama bila ruhusa yake, lakini mwenye rehani bado ana haki yake juu ya nyumba. Muulize pia mali zako zitasimamiwa na nani. Anayejua kazi atakutajia RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ambao wengi tunawajua kwa vyeti vya kuzaliwa tu.

Makubaliano ya ada yawe kwa maandishi, yaonyeshe kinachoingia na kisichoingia: ada za mahakama, matangazo, safari, na kama kuna VAT juu yake. "Tutaelewana tu" si bei. Ada za mahakama omba namba ya malipo ulipe mwenyewe kwa simu, ujue zimefika. Za wakili dai risiti ya EFD, hata mashine ikiwa "imegoma" kila ukifika.

Usiye na uwezo wa kulipa, nenda kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako ndiyo pa kuanzia kuuliza. Msaidizi wa kisheria atakupangia karatasi na kukueleza njia bila malipo. Kusimama mahakamani badala ya wakili haruhusiwi, hivyo mwombe akuunganishe na shirika lenye wakili wake.