Kivinjari kinapogoma kufungua tovuti ofisini: anza na ujumbe wa kosa

Mtu anaponiambia kwamba mtandao umekata, humwomba kwanza asiufunge ukurasa wenye kosa, kwa kuwa ule mstari mdogo wa herufi kubwa chini ya maelezo ndio unaotaja pa kuanzia. Ukikimbilia kuzima ruta kabla ya kuusoma, utawakatia kazi wenzako wote kwa tatizo ambalo huenda liko kwenye mashine moja.

Hatua ya 1. Jaribu tovuti nyingine mbili, kisha muulize wa meza ya jirani kama kwake zinafunguka. Ikiwa ni tovuti moja tu inayogoma kwa kila mtu, nayo inaonyesha namba 502 au 503, kwa kawaida hitilafu iko upande wa wenye tovuti, na hapo ni kusubiri tu.

Hatua ya 2. Ikiwa ni kompyuta moja, hakikisha taa ya kwenye tundu la waya wa mtandao inawaka, kisha fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike ipconfig. Anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao, ikianza na 169.254, ujue Windows imejipa anwani hiyo yenyewe baada ya kukosa ya kupewa, kwa hiyo kiache kivinjari na ukague waya, swichi inayounganisha nyaya za mtandao na huduma ya DHCP inayogawa anwani.

Hatua ya 3. Ukiona ERR_NAME_NOT_RESOLVED, yaani kompyuta imeshindwa kupata anwani ya jina uliloandika, hakiki kwanza tahajia ya jina la tovuti, halafu andika ipconfig /flushdns ili kufuta majina yaliyohifadhiwa zamani. Kosa likiendelea, andika nslookup, acha nafasi, jina la tovuti, acha nafasi, kisha 8.8.8.8; amri hiyo inaiuliza seva ya DNS ya Google, yaani inayogeuza majina kuwa anwani, bila kugusa mipangilio yako. Google ikijibu ilhali seva ya DNS ya ofisi haijibu, umeshalipata tatizo: ni hiyo seva ya ofisi. Nawasihi sana mafundi wenzangu wasiache 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya kudumu: intaneti itafunguka, lakini majina ya ndani, kama la mfumo wa mishahara, yatapotea, kwa sababu seva ya nje haiyajui.

Hatua ya 4. ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED huonekana mara nyingi kwenye kompyuta mpakato iliyotoka ofisi nyingine ikiwa bado na proksi ya huko, yaani seva ya kati ambayo kivinjari hupitia kwenda intaneti. Iondoe kwenye mipangilio ya mtandao, au weka ya ofisi yenu.

Hatua ya 5. NET::ERR_CERT_DATE_INVALID huwasumbua watu bure. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kivinjari hukilinganisha na saa ya kompyuta. Niliwahi kuitwa kwa mhasibu ambaye kila umeme ulipokatika usiku, asubuhi tovuti zote zilikataa. Saa kwenye pembe ya skrini ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Betri ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama, mviringo kama sarafu, ilikuwa imekwisha. Tuliibadilisha, tukarekebisha tarehe, na kosa halikurudi.

Iwapo tarehe ni sahihi na onyo la cheti bado lipo, usibofye kuendelea wala usiandike nywila yoyote: piga picha ya skrini na umpelekee msimamizi wa mtandao, kwani huenda kuna kifaa kilichojiweka kati yako na tovuti.